Waya wa unywele: kusuka koili ya gitaa nyumbani

Ndugu zangu mafundi, wakubwa shikamooni. Waya nilioushika hapa, walio nyuma hamuuoni, na mimi nikivua miwani siuoni vilevile. Ni shaba ya geji 42, unene wake milimita 0.063 bila vanishi, ile ngozi nyembamba inayouhami. Wengi wenu mmesuka mota za pampu. Kule waya ukiukaza unabishana na wewe. Huu haubishani, unakatika kimya.

Pikapu, yaani koili yenye sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi za gitaa la umeme, kwenye Stratocaster moja tu inakula mizunguko kama 8,000. Waya huo ukiunyoosha unapita kilomita moja, na multimita itakusomea omu elfu sita hivi.

Mashine yangu ni mota ya cherehani na pedali yake. Ya kuhesabia ni kikokotoo cha dukani: nimekifungua, nikaunga swichi ya sumaku kwenye kitufe cha sawasawa. Unabonyeza 1+1, halafu kila sumaku inayozunguka pamoja na koili ikipita kwenye swichi, kinaongeza moja. Ukikimbiza sana kinaruka hesabu, na hapo utajidanganya mwenyewe.

Sasa roli ya waya. Usiitundike kwenye msumari ikazunguka! Roli ina uzito. Ukiondoa mguu kwenye pedali, yenyewe bado inaenda, waya unalegea, ukianza tena unashtuliwa, kwisha. Isimamishe wima sakafuni, waya utokee juu. Kati ya kidole gumba na cha shahada weka kipande cha blanketi. Hiyo ndiyo breki.

Koili yangu ya kwanza ilikatika kwenye 6,140. Ya pili nayo, karibu hapohapo. Nililaumu waya, nikamlaumu muuzaji. Kumbe ukingo wa roli ulikuwa na mkwaruzo; niliiangusha mwenyewe siku nilipoinunua. Nilipitisha ukucha ndipo nikauhisi, maana jicho lilikuwa halioni kitu. Msasa laini wa dakika mbili ukamaliza kesi.

Kuunga waya uliokatika? Inawezekana. Vanishi ya poliyurethani inaungua yenyewe kwenye joto la kuchomelea risasi. Zile za zamani sharti uzikwangue, na hapo mkono ukiteleza unaanza upya.

Njoo, kijana wa shati la bluu. Shika hapa, usibane. Ukisikia joto kwenye vidole, legeza. Mguu polepole... 35, 36, 37. Endelea, usiniangalie mimi, angalia waya.