Bibi Kwenye Kiti Kitupu

Wazazi wenzangu, mlionisikia mwaka jana mnivumilie, maana narudi palepale, kwenye mzuka wa kioo. Halloween, ule usiku wa kutishana na watoto kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, ni tarehe 31 Oktoba, na najua baadhi yenu mmeshapita dukani mkarudi na mifupa ya plastiki. Haya. Mifupa hiyo iko kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Watoto wa hapa Columbus, Marekani, wameizoea kama sisi tulivyozoea kuku uani.

Kinachotisha ni mwanga, au tuseme pale mwanga usipofika. Nani amewahi kupanda basi la usiku, Nairobi kwenda Mombasa? Taa za ndani zinawaka, nje giza tupu. Unatazama dirishani, unamwona abiria wa kiti cha pili anaelea juu ya vichaka vya Tsavo, miti inampita katikati ya kifua. Basi mzuka ndio huo! Mlikuwa nao bure safari nzima, mkausinzilia.

Bwana mmoja, John Henry Pepper, mhadhiri wa sayansi pale Royal Polytechnic, London, aliutoa hadharani mkesha wa Krismasi wa 1862. Kioo kikubwa angavu, kama cha dirisha, kimeinamishwa mbele ya jukwaa. Chini shimoni, watazamaji wasikoona, kuna mwigizaji aliyemulikwa taa kali. Kioo kinarudisha taswira yake, na watu wanaona mtu na mzuka wamesimama jukwaa moja. Wazo lilikuwa la mhandisi Henry Dircks, lakini jina likabaki la Pepper. Dircks apumzike kwa amani, tuendelee.

Nyumbani chukua kipande kipana cha akriliki angavu, ile plastiki ngumu inayopenya mwanga, ndiyo kioo chako. Kisimamishe kwa nyuzi 45 mbele ya mtazamaji, kingo zake zifiche kwa kitambaa cheusi. Pembeni, nyuma ya pazia, weka sanamu ya bibi yenye shuka jeupe, nyuma yake nguo nyeusi, imulike vizuri. Ng'ambo ya kioo weka kiti kitupu, mwanga kidogo tu. Mtoto akitazama, bibi kakaa kitini. Punguza taa ya sanamu polepole: bibi anayeyuka. Sanamu ikiwa mita mbili kutoka kwenye kioo, bibi naye ataonekana mita mbili nyuma ya kioo. Kwa hiyo pimeni! Kuna mtu hapa, simtaji, mwaka jana bibi yake alikaa ndani ya ukuta.

Kila mwaka mama mmoja ananiuliza, huu si uchawi? Mama yangu, mwanga umegonga kioo ukarudi kwa pembe ileile uliyojia. Mchawi gani anafuta vifaa vyake kwa sabuni ya madirisha? Na kufuta ni lazima, alama moja ya kidole inamaliza kazi yote.

Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza niliweka kioo dirishani, nikasahau taa ya barabarani. Watoto wakaja, wakajiona wenyewe na ndoo zao za peremende, wakarekebisha kofia, wakaenda zao. Binti yangu akasema, "Baba, umewafungulia saluni." Tangu hapo nafanyia gerejini, mlango nusu.

Naona naoneshwa saa. Tumalizie na moshi wa kutishia, haraka. Barafu kavu mnaijua, gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, ile inayofanya maharusi waonekane wanacheza mawinguni. Ina nyuzi 78 chini ya sifuri, kwa hiyo glovu nene. Itie kwenye maji ya moto. Gesi yake ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Usiifungie kwenye chupa, itapasuka. Usiifukizie chumba kilichofungwa, na kwenye gari fungua madirisha, maana inafukuza hewa ya kupumua. Hapa sitanii. Mwenye mashine ya moshi aupitishe moshi kwenye kasha la barafu ya kawaida, nao utatambaa.

Maji ya toniki chini ya taa ya urujuanimno, ile ya zambarau ya disko, yanang'aa buluu, kwa sababu ya kwinini. Ndiyo, ileile chungu ya malaria. Weka kwenye mitungi ya kioo, basi.

Damu ya bandia tuiache, mwenye ukumbi anataka funguo zake. Kioo changu kiko tayari hapa mbele. Kijana, zima taa. Hapana, na ile ya nyuma. Ya mlango wa dharura haizimwi, ni sheria. Nisaidie tukigeuze kioo, kiipe taa hiyo mgongo. Kidogo tena. Mama wa kiti cha mbele, usiogope, kile kiti kilichokuwa kitupu... haya, tazama sasa.