Taa Angani, Mauzauza Nyumbani: Klabu za Ucheki Zinavyofanya Uchunguzi

Habari zenu ndugu watazamaji, wa Dar, Mombasa, Goma, Bujumbura, Maskati na popote mnaponitazama. Niko Praha, na leo tunazungumzia klabu za hapa Ucheki zinazochunguza UFO, yaani vitu vya angani visivyotambuliwa, na mauzauza. Sitabishana na mtu kama viumbe wa sayari nyingine wapo au hawapo. Ninachotaka mjue ni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, maana ikifanywa vizuri ni kazi ya heshima kabisa, na yeyote mwenye dira, penseli na subira anaiweza, awe Praha au Singida.

Klabu mojawapo hapa inaitwa KPUFO, kirefu chake Klub psychotroniky a UFO, yaani klabu ya saikotroniki (mambo ya nguvu za akili) na UFO. Mtu mgeni hushangaa kwa nini klabu moja ishughulike na taa za angani, nyumba zenye vishindo, na watu wanaotafuta maji kwa vijiti. Sababu ni ya kihistoria. Enzi za Chekoslovakia kulikuwa na watafiti wa mambo ya nguvu za akili, akina Zdeněk Rejdák, na mwaka 1973 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa fani hiyo ulifanyika papa hapa Praha. Kwa hiyo mada hizi zimelelewa pamoja tangu zamani.

Halafu kuna J. Allen Hynek. Alizaliwa Chicago mwaka 1910, wazazi wake wenye asili ya Ucheki. Alikuwa mwanafalaki, akawa mshauri wa jeshi la anga la Marekani katika kuchunguza taarifa za UFO. Mradi ulipofungwa mwaka 1969, taarifa zilikuwa 12,618, na zilizobaki bila jibu zilikuwa 701. Shikeni hesabu hiyo: chini ya 6 katika kila 100. Mchunguzi anayeanza kazi akitegemea kwamba nyingi zitabaki siri, ameanza vibaya.

Sasa tuingie kwenye kazi. Simu inapigwa: mtu kaona taa. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuuliza maswali mapema. "Ilikuwa na umbo la sahani?" Hapo umeshaharibu, maana shahidi sasa anakumbuka sahani yako. Utaratibu ni huu. Mashahidi watenganishwe kabla hawajaanza kusimuliana. Kila mmoja apewe karatasi na penseli, achore kwanza. Kisha asimulie mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa, na neno UFO lisitoke mdomoni mwako. Maswali yaje baada ya hapo, na la kwanza liwe: nini kilikufanya uangalie juu? Jibu la swali hilo linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Aliyesikia mlio akainua kichwa ana habari tofauti na aliyekuwa anavuta sigara barazani.

Ukubwa ndio unaosumbua zaidi. Shahidi anasema, "ilikuwa kubwa kama basi." Bila kujua umbali, maneno hayo hayana kipimo ndani yake. Mwambie anyooshe mkono wote na akuonyeshe kidole ambacho kingekifunika kitu kile. Kidole cha mwisho kwenye mkono ulionyooka ni pembe ya nyuzi 1 hivi, kidole gumba ni 2, ngumi nzima ni 10. Mwezi mpevu ni nusu ya uzi tu, kidole kidogo kinaufunika na nafasi inabaki. Watu wengi hawaamini mpaka wajaribu. Ngumi hizo hizo zinapima urefu kutoka upeo wa macho: ngumi mbili juu ya upeo, andika nyuzi 20.

Muda nao una mbinu yake. Ukiuliza "ilichukua dakika ngapi?" utaambiwa dakika 5 kwa kitu cha sekunde 40. Mwombe afumbe macho, apitishe tukio kichwani kama anavyolikumbuka, aseme "sasa" linapoanza na "basi" linapoisha, nawe uhesabu kwa saa ya simu. Rudia mara mbili. Ukipata sekunde 6, fikiria kimondo. Ukipata dakika 4 au 5 za taa nyeupe isiyowaka na kuzima, ikienda kwa mwendo mmoja, angalia kwanza ratiba ya Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Baada ya hapo mnarudi mahali pale pale aliposimama, ikiwezekana saa ile ile. Hapa ndipo dira inapodanganya. Ukisimama kando ya gari au uzio wa chuma, sindano inavutwa. Sogea mita kadhaa, na kama ni dira ya simu, izungushe kwa umbo la nane kabla hujaiamini. Hapa Ucheki pia kaskazini ya dira inapishana na kaskazini ya ramani kwa takriban nyuzi 5 kuelekea mashariki. Asiyerekebisha anachora mstari usio sahihi tangu mwanzo. Kwa kitu kilichoko kilomita 30, nyuzi 5 ni kukosea kwa kilomita 2 na nusu na ushei.

Kwa nini tunahangaika na mistari? Kwa sababu mashahidi wawili walio mbalimbali wanakupa mahali. Ucheki ina mfano ambao kila mchunguzi anapaswa kuujua: tarehe 7 Aprili 1959 kimondo kikubwa kilipigwa picha kutoka vituo viwili, Zdeněk Ceplecha wa kituo cha falaki cha Ondřejov akakokotoa njia yake, na vipande vinne vikaokotwa karibu na Příbram. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kimondo kilichookotwa kujulikana njia yake kuzunguka jua kwa picha. Klabu inaweza kutumia kanuni hiyo hiyo kwa karatasi na rula: mwelekeo wa shahidi A, mwelekeo wa shahidi B, mistari ikutane kwenye ramani. Ikikutana kwa pembe nyembamba sana, chini ya nyuzi 20 hivi, msiitegemee, kosa dogo linaihamisha sehemu ya makutano kilomita nyingi.

Kisha unaanza kuondoa vitu kimoja kimoja. Sayari ya Zuhura jioni au alfajiri, programu ya Stellarium inakuonyesha anga ya saa ile. Ndege, unazitafuta kwenye kumbukumbu za tovuti ya Flightradar24. Misururu ya setilaiti za Starlink, iliyoanza kuonekana mwaka 2019, ni taa nyingi zilizojipanga mstari mmoja. Hapa kuna jambo ambalo watu wa nyumbani lazima walijue. Ucheki iko kwenye nyuzi 50 kaskazini, na mwezi wa Juni jua la usiku wa manane liko nyuzi 16 na nusu tu chini ya upeo. Setilaiti juu ya Praha inabaki kwenye mwanga wa jua usiku kucha, kwa hiyo taarifa za saa saba za usiku ni za kawaida kiangazi. Nairobi au Mwanza, setilaiti za chini mtaziona hasa saa moja au mbili baada ya magharibi, na tena kabla ya alfajiri. Ukiona taa inateleza usiku wa manane huko, setilaiti inashuka kwenye orodha ya washukiwa, ndege inapanda.

Msisahau puto la hali ya hewa. Kituo cha Libuš, kusini mwa Praha, hurusha maputo yake kila siku. Linapanda mita 5 hivi kwa sekunde, linatanuka kadiri hewa inavyopungua, na likifika karibu kilomita 30 linapasuka. Mchana linaonekana kama nukta nyeupe iliyoganda, halafu ghafla haipo. Ushahidi wa "kilitoweka mbele ya macho yangu" unaweza kuwa wa kweli kabisa, na kitu kikawa mpira. Kisanduku kinachoning'inia chini yake hutangaza mahali kilipo kwa redio, na wapenzi wa redio huhifadhi njia hizo kwenye mtandao wa SondeHub. Kukagua ni kazi ya dakika 3. Kenya nayo iliwahi kuwa na maputo ya intaneti ya Loon mwaka 2020, yakielea kilomita 20 juu.

Picha. Dai faili halisi, si iliyopita WhatsApp, maana huko taarifa za saa na lenzi huondolewa na picha hubanwa. Kisha tafuta taa kali ndani ya picha, ya barabarani kwa mfano. Chora mstari kutoka taa hiyo kupitia katikati kabisa ya picha. Kama "chombo" kimekaa upande wa pili wa mstari huo, umbali ule ule kutoka katikati, hicho ni kiakisi ndani ya lenzi. Kipimo hiki kinataka picha nzima. Iliyokatwa pembeni imepoteza katikati yake, haifai tena.

Duara za mashambani, yaani michoro ya ngano iliyolazwa ambayo wengine huihusisha na UFO, nitazipitia haraka. Ingieni kwa ruhusa ya mkulima na kupitia njia za trekta, si kukanyaga ngano ya mtu. Wapo wanaookota mabua yenye vifundo vilivyopinda na kusema ni mionzi. Bua la ngano likilazwa hujiinua lenyewe kwenye vifundo, linatafuta kusimama. Ukifika siku ya tatu, kupinda ni lazima.

Kwenye nyumba zenye mauzauza nataka tukae kidogo, maana hapa watu wanaweza kufa. Familia inalalamika: vichwa vinauma, mtu anahisi kifua kizito, wanasikia hatua, wanaona vivuli. Kitu cha kwanza kuvuka mlango ni kipima kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, kabla ya kamera yoyote. Nyumba nyingi za zamani hapa zina hita ya maji ya gesi ukutani, wenyewe wanaiita karma. Mwenye nyumba kabadilisha madirisha, ya sasa yamebana kabisa, halafu kaweka feni ya kuvuta moshi jikoni. Feni ikiwaka, inavuta hewa kutoka popote inapoipata, na bomba la moshi la hita linageuka kuwa njia ya kuingilia. Kaboni monoksaidi inayoingia hivyo haina harufu. Ni hatari ile ile ya kulala na jiko la mkaa chumbani. Kipimo kikifika sehemu 50 za gesi hiyo kwa milioni ya hewa, fungua madirisha, toa watu, ita zimamoto. Uchunguzi wa mizimu umeishia hapo.

Nyumba ikiwa salama, ingieni mchana kwanza, mchore ramani ya vyumba, mpime halijoto na usumaku vyombo vyote vikiwa vimezimwa, kisha vikiwa vimewashwa. Friji na nyaya za ukutani hutikisa kipima usumaku vizuri sana. Asiye na kipimo cha mchana hana cha kulinganisha usiku. Kamera za infraredi huonyesha "mipira ya mwanga" kwa sababu taa yake iko sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi na inamulika vumbi lililo karibu. Weka taa nyingine mita moja pembeni, zima ile ya kamera, na mipira mingi inaisha. Kwenye rekoda, kila anayekohoa aseme "ni mimi." Kunong'ona ni marufuku, kwani mnong'ono ukisikilizwa wiki ijayo unakuwa sauti ya marehemu.

Anayeamka usiku hawezi kusogea, kuna kitu kimemkalia, hilo ni jinamizi, yaani akili imeamka mwili ukiwa bado umelala. Mpokeeni kwa upole. Alichokihisi ni cha kweli kwake, na kumcheka ni ukatili.

Vijiti vya kutafutia maji? Msimamo wangu: vijaribiwe kwa ndoo 10 zilizofunikwa, moja tu ina maji, na aliyezipanga asiwepo chumbani. Mpaka hapo, visiingie kwenye ripoti moja na vipimo.

Ripoti yenyewe ina majibu matatu: imetambuliwa, haijatambuliwa, taarifa pungufu. Hilo la tatu ndilo linalolinda heshima ya klabu. Taa isiyo na saa wala mwelekeo haistahili kuitwa siri.

Na kitu kikianguka, kama ile pete ya chuma ya mita 2 na nusu, kilo 500 hivi, iliyoanguka Mukuku, kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, msikishike. Mabaki ya roketi yanaweza kuwa na mafuta yenye sumu. Simameni mbali, upande upepo unakotoka, pigeni picha kukiwa na kitu cha kulinganisha ukubwa, andikeni saa, na polisi wapigiwe kabla ya majirani kuanza kukata vipande.