Mchemraba wa zabibu nane

Walimu wenzangu, shikamooni mnaostahili, wanafunzi, hamjambo.

Nimekuja na nusu kilo ya zabibu za Hombolo na pakiti ya njiti za meno. Tazameni: zabibu nane, njiti kumi na mbili, mchemraba. Kila zabibu ni atomu ya kaboni, kila njiti ni kifungo kinachounganisha atomu mbili, na kila kona ina hidrojeni moja inayochungulia nje, ambayo sikuichomeka. Hii ni kyubeni, C8H8.

Sogeeni muione kona hii. Njiti tatu zimeingia kwenye zabibu moja kwa pembe za nyuzi 90. Kaboni ya methani, iliyo huru, hutawanya vifungo vyake kwa nyuzi 109.5. Hapa imebanwa, na mbano huo umehifadhi nishati: karibu kilojuli 700 kwa moli. Wengi walidhani kitu kama hiki hakitengenezeki. Mwaka 1964 Philip Eaton na Thomas Cole wa Chuo Kikuu cha Chicago wakakitengeneza, na zikapatikana fuwele zilizotulia. Joto letu la Oktoba lisingezigusa.

Kwa nini haibomoki? Nachomoa njiti moja. Mmeona? Bado umesimama. Ukikata kifungo kimoja, kumi na moja vinabaki vimeshikilia kona zao, hivyo mbano haupati pa kutokea. Ni mtego uliotegwa ambao hakuna aliyeukanyaga.

Ukiweka nitro, yaani nitrojeni moja yenye oksijeni mbili, badala ya hidrojeni zote nane unapata oktanitrokyubeni, baruti iliyotangazwa mwaka 2000. Haina hidrojeni, kwa hiyo ikilipuka hutoa kaboni dioksidi na nitrojeni, bila mvuke wa maji. Kuitengeneza ni safari ndefu na ghali, nami siitamani.

Ninachokitamani ni dawa. Dawa nyingi zimebeba pete ya benzini, duara la kaboni sita. Eaton alipendekeza kyubeni ikae mahali pake, na mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walijaribu kwenye dawa na viuadudu vinavyojulikana. Baadhi vilibaki na nguvu ileile, vingine vikazidi. Siri iko kwenye kipimo: ndani ya mchemraba, kona hadi kona ya mbali kabisa ni angstromu 2.72 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), kuvuka pete ya benzini, 2.79.

Chukueni zabibu sita mfunge pete. Njiti zake zikateni kidogo, maana vifungo vya benzini ni vifupi kuliko vya kyubeni. Rula hii hapa, pimeni vyote viwili.