Chuo kiliuza watu 272, leo deni limegeuka mchango (niko Georgetown)

Haya mambo zenu ndugu zangu wa nyumbani, mnanisikia lakini? Upepo wa leo hapa Washington ni balaa, nimejibanza ukutani. Si mnajua wikiendi napiga Uber, sasa nimemshusha abiria huku chuo cha Georgetown nikasema ngoja niwaonyeshe hili bweni nyuma yangu. Linaitwa Isaac Hawkins Hall. Zamani lilikuwa na jina la padri Mulledy, aliyewahi kuwa rais wa chuo.

Huyo Mulledy na Wajesuiti wenzake, shirika la mapadri wa Katoliki, lile lile lenye shule ya Loyola pale Mabibo, mwaka 1838 waliuza watumwa wao 272 kutoka mashamba ya Maryland kwenda Louisiana, kwa dola 115,000, na sehemu ya hela ikalipa madeni ya chuo. Mkataba upo mpaka leo. Wa kwanza kwenye orodha ni Isaac, miaka 65, anafuata Charles mtoto wake mkubwa, miaka 40, halafu binti yake Nelly, 38, yaani ukoo mzima umepangwa mstari kama ng'ombe wa mnada wa Pugu. Mzee wa miaka 65 jamani, kwetu huyo anakaa barazani analetewa kahawa! Na wakubwa wao wa Roma walishaweka sharti kwamba familia zisitenganishwe na ile hela isilipe madeni. Wapi.

Sasa chuo kimefanyaje? 2016 wakasema wajukuu wa wale watu watapewa kipaumbele kuingia chuo, kama wanavyopewa watoto wa waliosoma hapa. Sawa, ila skolashipu haikuwemo, umefunguliwa geti nauli huna. 2017 wakaomba msamaha, wakabadilisha majina ya majengo mawili.

Kilichonigusa mimi ni wanafunzi. Aprili 2019 walipiga kura kila mmoja akatwe dola 27.20 kila semista ziwasaidie wajukuu wa wale watu, mmeiona hiyo 272 hapo ndani? Hapa hiyo ni piza kubwa na soda basi. Theluthi mbili wakasema ndiyo, tukate. Chuo kikaja na lake, eti tutachangisha dola 400,000 kwa mwaka, anayetaka atoe. Hapo ndo nilichoka, maana sisi watu wa vikao vya harusi tunajua, mchango ukiahidi ukaingia mitini wanakusema wee wanachoka, ila deni mtu anakuja kukugongea. Wale vijana walisema deni, wakubwa wakasikia mchango.

Wajesuiti wenyewe 2021 wakaahidi dola milioni 100 kwenye taasisi waliyoanzisha pamoja na wajukuu, lengo ni kufika bilioni 1. Hiyo naifuatilia.

Kuna dogo katoka humu na furushi la nguo chafu, nimemuuliza Isaac ni nani, hajawaza hata, "wa kwanza kwenye orodha." Haya simu inalia, abiria mwingine huyo.