Mistari Miwili ya Gazeti: Harusi, Misiba na Mikusanyiko ya Vijijini Marekani Katika Karne ya 19

Wakubwa zangu shikamooni, vijana hamjambo. Asanteni kwa kuja.

Juni 1812, gazeti la mji wa Hallowell, jimbo la Maine, lilichapa tanzia ya sentensi moja. Ilisema amefariki huko Augusta Bi. Martha, mke wa Bw. Ephraim Ballard, umri miaka 77. Basi. Kilichomuua hakikutajwa, watoto wake hawakutajwa, wala kazi yake.

Kazi yake ilikuwa ukunga. Tangu 1785 mpaka mwezi mmoja hivi kabla ya kufa aliandika shajara, miaka 27, na ndani yake mna habari za uzazi 816 aliousimamia. Alivuka mto Kennebec kwa mtumbwi, na wakati wa baridi kali akaukanyaga kwa miguu ukiwa umeganda barafu. Alichanganya dawa, aliuguza wenye homa, na mtu akikata roho, mara nyingi yeye ndiye aliyeitwa kumfumba macho na kumvisha. Haya yote tunayajua kwa sababu wajukuu walilitunza lile daftari, na mwaka 1930 kilembwe wake, ambaye alikuwa daktari, akalikabidhi kwa maktaba ya jimbo la Maine. Lingetupwa jalalani, leo angebaki mke wa Bw. Ephraim.

Ninachotaka kuwaonyesha ni hiki. Kijiji cha Marekani cha karne ya 19 kimetuachia maelfu kwa maelfu ya matangazo ya namna hii: nani kaoa, nani kafa, nani kamtembelea nani Jumapili. Watu wanaotafuta asili ya koo zao huyasoma leo kama hati. Ni hati kweli, lakini ukiishia kwenye maneno yaliyochapwa, utadhani harusi ilifanywa na mchungaji na bwana harusi, na maziko yakafanywa na mchungaji peke yake. Kazi yenyewe ilifanywa na majirani, na sehemu kubwa ya majirani hao ni wanawake ambao gazeti halikuwataja.

Tuanze na harusi. Tangazo la kawaida hutoa tarehe, jina la mchungaji au hakimu wa amani, jina la bwana harusi, kisha bibi harusi kama binti wa fulani. Huko Maine, siku ya kiapo haikuwa mwisho wa shughuli, na pengine haikuwa hata kilele chake. Binti wa Martha, Hannah, aliolewa Oktoba 1792 nyumbani kwa wazazi wake, na baada ya kiapo akaendelea kukaa hapo hapo wiki kadhaa. Mumewe alikuja na kuondoka. Wakati huo wanawake wa nyumba na wa jirani walikuwa wakifuma, wakishona na kukamilisha mifarishi ya viraka, mpaka vyombo na matandiko yalipotosha, ndipo wawili hao wakahamia kwao. Kwa macho ya watu wa pale, ndoa ilikamilika siku mwanamke alipowasha moto wake mwenyewe.

Vizazi viwili baadaye mabinti wengi wa mashamba ya New Hampshire na Vermont walikwenda kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya Massachusetts, na wengi wao waliweka akiba kwa ajili ya kuanza maisha ya ndoa. Nguo ya pamba ya viwanda vya upande ule ndiyo iliyofika Zanzibar kwa merikebu za Salem, bandari ya Massachusetts, nasi tukaiita merekani. Wazee wetu waliivaa bila kujua imefumwa na mikono ya nani.

Kusini, Kentucky na Virginia, bwana harusi alitia saini dhamana, kwa kawaida ya pauni 50, pamoja na mdhamini ambaye mara nyingi alikuwa baba au kaka wa bibi harusi. Msidhani ni mahari. Hakuna aliyelipa kitu isipokuwa kama ingegundulika kuna kizuizi cha kisheria, kwa mfano bwana ana mke mwingine. Kwa mtafiti, jina la mdhamini lina thamani kubwa, kwa sababu linaonyesha ukoo wa mwanamke hata pale gazeti liliponyamaza.

Gauni la bibi harusi wa kijijini lilikuwa la rangi yoyote iliyodumu: kahawia, buluu, hata nyeusi. Lilishonwa livaliwe tena kanisani na misibani. Gauni jeupe lilipata sifa baada ya harusi ya Malkia Victoria mwaka 1840, na mke wa mkulima alichelewa sana kuifuata fasheni hiyo. Na usiku, maharusi wakishalala, vijana walizingira nyumba wakigonga masufuria, wakipiga kengele za ng'ombe na bunduki hewani, hawaondoki mpaka wapewe chakula au kinywaji. Mjane mzee akioa msichana mdogo, kelele zilizidi. Hapo kijiji kilikuwa kinasema neno.

Kuhusu mikusanyiko, nitapita haraka kwenye ile mikubwa. Agosti 1801 maelfu ya watu, wengine wanakadiria zaidi ya 10,000, walikusanyika Cane Ridge, Kentucky, kwa ibada ya siku kadhaa porini, wakati Kentucky nzima bado ilikuwa na miji midogo sana. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1867, ukaanzishwa umoja wa wakulima ulioitwa Grange, na wanawake walipokewa kama wanachama kamili, jambo ambalo vyama vingi vya wakati ule havikukubali.

Lakini uhai wa kijiji ulikuwa katika kazi za ujima. Msimu wa mavuno, mwenye shamba alirundika mahindi yenye maganda ghalani na kuwaita watu usiku. Waliketi pande mbili wakishindana kuambua. Kijana aliyekuta gunzi la punje nyekundu aliruhusiwa kumbusu msichana, mbele ya wote, na ndiyo maana vijana walifika mapema. Uchumba mwingi ulianzia hapo. Wanawake nao walikaa kuzunguka fremu ya mfarishi, wakishona na kuongea, na katika maongezi hayo ndimo ilimojulikana nani mjamzito, nani anapigwa na mumewe, nani hana chakula cha kumvusha majira ya baridi. Kusini kazi ya kuambua mahindi mara nyingi ilifanywa na watumwa, kwa nyimbo zao wenyewe, kwa faida ya bwana. Nitawarudia watu hao, kwa sababu bila wao mhadhara huu utakuwa nusu ya ukweli.

Sasa misiba.

Mtu akifa, hapakuwa na mtu wa kupigiwa simu. Wanawake walikuja wakamwosha, wakamlaza juu ya ubao, wakamfunga kidevu. Kiangazi waliweka barafu iliyohifadhiwa tangu majira ya baridi ili mwili usiharibike. Saa ya ukutani ilisimamishwa na vioo vikafunikwa. Seremala yule yule aliyetengeneza meza na vitanda alipima mwili na kuunda jeneza, pana mabegani na jembamba miguuni. Katika vijiji vya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki kama Maine na Massachusetts, kengele ya kanisa iligongwa kwa namna ya kuonyesha kama marehemu ni mwanamume, mwanamke au mtoto, kisha pigo moja kwa kila mwaka wa umri. Mkulima aliyekuwa shambani alisimama akahesabu. Kijiji kikiwa na mgonjwa mmoja wa miaka 62, pigo la sitini na mbili lilitosha kuwa tanzia. Usiku majirani walikesha na maiti. Sisi tuliokulia kwenye matanga hatuhitaji kuelezwa maana ya kukesha huko.

Katika milima ya Appalachia mambo yalikuwa na mpangilio wake. Mhubiri alikuwa mmoja kwa mabonde mengi, akizunguka kwa farasi, na wakati wa theluji njia hazipitiki. Kwa hiyo watu walizika upesi, na hotuba ya maziko ikasubiri miezi, hata mwaka na zaidi, mpaka mhubiri afike na barabara zikauke. Wakati mwingine marehemu kadhaa walihubiriwa siku moja. Mwanamume aliweza kuketi kumlilia mke wa kwanza huku mke wa pili yuko pembeni yake, na watu hawakuona aibu, kwa sababu shamba lenye watoto wadogo halikuweza kumsubiri mhubiri. Kwa maoni yangu, hawa walielewa kwamba kuzika na kuomboleza ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina wakati wake.

Na watoto walikufa sana. Martha Ballard mwenyewe, kabla hajahamia Maine, alizika mabinti watatu ndani ya wiki tatu kiangazi cha 1769, kwa ugonjwa wa koo tunaouita leo dondakoo. Mama huyo ndiye aliyekwenda baadaye kupokea watoto wa wenzake mara 816.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilivunja utaratibu huu wa kufia nyumbani. Makadirio ya zamani ni wafu 620,000, na ya karibuni yanazidi hapo. Wengi walifia mbali, hakuna wa kuwafumba macho. Rafiki kambini aliandika barua kwa mama wa marehemu kueleza alikufaje na alisema nini mwishoni, kwa sababu alijua mama ataliuliza hilo kwanza. Familia zenye uwezo zililipia kutiwa dawa mwili ili urudishwe kwa treni. Mwili wa Abraham Lincoln uliposafirishwa zaidi ya kilomita 2,600 hadi Springfield, Illinois, mwaka 1865, watu wengi sana waliona kwa macho yao kwamba jambo hilo linawezekana, na kazi ya wanawake wa jirani ikaanza kuhamia kwa wafanyabiashara wa maziko.

Kwa nini basi magazeti, pamoja na Biblia za nyumbani, vina uzito huu kwa mtafiti? Kwa sababu serikali haikuandika. Massachusetts ilianza usajili wa uzazi, ndoa na vifo wa jimbo zima mapema miaka ya 1840, lakini usajili wa vifo haukuenea majimbo yote mpaka 1933. Kumbukumbu ilikuwa kwenye Biblia ya familia, katika kurasa za kuandikia ndoa, uzazi na vifo zilizowekwa katikati ya Agano la Kale na Agano Jipya. Sheria ya 1836 ilipowaruhusu wajane wa askari wa vita vya uhuru kudai pensheni, wanawake wazee wasio na cheti chochote walizichana kurasa hizo na kuzituma Washington kama ushahidi wa ndoa. Nyingi ziko kwenye hifadhi ya nyaraka mpaka leo. Gazeti la wiki nalo lilisambaa kwa sababu tangu 1851 lilisafirishwa na posta bure ndani ya wilaya yake.

Nilisema nitawarudia waliokuwa watumwa. Ndoa zao sheria haikuzitambua. Baadhi ya wahubiri waliwaapisha wakae pamoja mpaka kifo au umbali uwatenganishe, na neno hilo umbali lilimaanisha mnada. Baada ya 1865 walimiminika kuandikisha ndoa zao, wengine wakiwa wameishi pamoja miongo kadhaa. Na mwaka 1879 gazeti la kikanisa la New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilianza safu ya kutafuta ndugu waliopotea. Tangazo liligharimu senti 50, na wachungaji waliombwa kuyasoma mimbarani. Humo hakuna ufupi wa mistari miwili. Mtu anataja jina la mama, la baba, la kila kaka na dada, majina ya mabwana waliowamiliki mmoja baada ya mwingine, na mahali walipouzwa, kwa sababu hakujua ni jina lipi kati ya hayo ndugu yake atalitambua. Matangazo hayo yaliendelea kuchapwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20.