Ruhusa Iliyokuja Pamoja na Albamu

Walimu wangu, ndugu wanamuziki wa Kampala, na nyote mliofika, nawashukuru kwa kunialika.

Tarehe 17 Novemba 2017, bendi ya roki kutoka Melbourne, Australia, iitwayo King Gizzard & the Lizard Wizard, ilitoa albamu yake Polygondwanaland bila kudai hata senti. Hiyo ilikuwa ya nne kati ya albamu tano ilizotoa mwaka ule mmoja. Mimi niliipata kwa kuchelewa, katika flashi ya mwanafunzi wangu, na kilichonivuta hakikuwa bei. Hapa Uganda muziki wa bure tumeuzoea: msanii humpelekea DJ wimbo wake bila malipo, vibanda huupakia kwenye simu za wateja, naye hungoja riziki yake kwenye tamasha. Kilichonivuta ni vitu vilivyoambatana na albamu ile.

Bendi iliweka hadharani faili za masta, zile ambazo kiwanda huzihitaji ili kutengeneza santuri, pamoja na michoro ya jalada. Kisha iliwaambia wasikilizaji kwamba rekodi hiyo si mali yake bali ni yao, kwamba anayetaka kutoa kanda, sidii au santuri atoe, na kwamba aliyekuwa akitamani kuanzisha lebo, yaani kampuni ya kuchapisha muziki, aanze nayo. Watu waliitikia kweli, na lebo ndogo za nchi mbalimbali zikachapisha matoleo yao wenyewe.

Naomba nikae kidogo kwenye muziki wenyewe, kwa sababu albamu dhaifu haipati wa kuichapisha hata ikigawiwa. Wimbo wa kwanza, Crumbling Castle, unapita dakika 10. Magitaa yanazungusha vifungu vifupi vyenye hesabu zisizolingana, kimoja kikirudi mwanzo kabla ya kingine kumaliza, hata msikilizaji akapoteza mahali pa kuhesabia moja. Aliyekulia karibu na amadinda ya Buganda hatababaika. Pale wapigaji wawili hukaa wakitazamana kwenye marimba ya vibao 12, kila mmoja akiingiza noti zake katika nafasi anazoziacha mwenzake, na wa tatu huokota sauti inayojitokeza kati yao akaipiga kwenye vibao viwili vya juu, kiasi kwamba tuni unayoisikia hakuna mtu mmoja anayeipiga. Wapiga gitaa mliopo, nawasihi muusikilize wimbo huo kwa sikio la amadinda.

Sasa nirudi kwenye ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 humlinda mtunzi tangu kazi yake inaporekodiwa au kuandikwa, na ulinzi huo huendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo kijana wa kibandani anayempakia mteja wimbo bila idhini yuko upande mbaya wa sheria, hata kama mtunzi mwenyewe angefurahi kusambazwa. Kimya cha msanii si idhini.

Wale wa Melbourne walitoa idhini yao kwa maneno ya kirafiki tu. Binafsi napendelea leseni za Creative Commons, yaani hati za ruhusa zilizokwisha kuandikwa ambazo msanii yeyote anaweza kuzitumia, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, kwa kuwa hutaja bayana kama nakala inaweza kuuzwa, kama kazi inaweza kubadilishwa, na kwamba jina la mtunzi litajwe. Bendi ya Marekani ya Nine Inch Nails walipogawa albamu ya The Slip mwaka 2008 walitumia leseni ya aina hiyo: nakili, badilisha, lakini usifanyie biashara.

Sisemi kila bendi igawe kila kitu. Ile ya Australia ilikuwa na albamu nyingine nne za kuuza mwaka huo huo, na bendi ya Kampala iliyomaliza akiba yake studioni ina haki kamili ya kuuza. Ila mkiamua kugawa, gaweni kwa uwazi. Ndani ya folda mnayopeleka kibandani wekeni faili fupi ya maandishi yenye jina la bendi, majina ya wapigaji, mwaka, na sentensi ya ruhusa, maana flashi huzunguka mitaani bila ukurasa wake wa intaneti. Albamu ya dakika 40 yenye ubora wa sidii hukaribia megabaiti 400, ilhali ya MP3 haifiki 100. Kwa bei ya bando tunayoijua, wekeni zote mbili, nyepesi kwa msikilizaji, na nzito kwa yule atakayetaka kuichapisha.