Kura tatu za Berlin, na nyinyi mnaosomea Kijerumani hapa Nairobi

Sasa watu wangu, mambo vipi, leo niko nyumbani kabisa, niko Umoja juu ya paa la ploti yetu, hizo kelele mnaskia ni makanga wa steji hapo chini so mnivumilie tu. Mamangu anawasalimia. Nimekuja likizo ya wiki tatu kutoka Leipzig, Ujerumani, na kila mahali naenda naulizwa, je, kazi bado ziko? Jana nimemsindikiza binamu yangu darasa la Kijerumani huko tao, chumba kimejaa vijana, wengi wako B1, hiyo ngazi ya tatu ya lugha, wengine wazazi wameuza ng'ombe ndio wafike hapo, na kati ya wale nimeongea nao hakuna hata mmoja alikuwa ameskia neno Brandmauer. Haliko kwa vitabu vyao. Kwa hivyo leo siongei viza, siongei mshahara, naongea hilo neno.

Brandmauer ni ule ukuta unajengwa kati ya nyumba mbili zilizoshikana, ili ya jirani ikishika moto, moto usivuke. Mtu wa Gikomba ama Mukuru hahitaji kuelezewa hiyo, mmeona moto ukianza kwa kibanda kimoja na kufika asubuhi laini nzima ni majivu. Sasa kwa siasa za Ujerumani, ukuta ni makubaliano ya vyama vyote vikubwa kwamba hakuna kushirikiana na AfD, hicho chama cha wazalendo wa kupindukia kiliingia Bundestag, bunge lao la taifa, 2017. Na ni kwa nini wanakiogopa? Kina neno lake, remigration, Januari 2025 kwa mkutano wao mkuu mjini Riesa kiongozi wao Alice Weidel alilitamka jukwaani na watu wakashangilia. Ni lugha ya kurudisha watu kwao. Wale mlikuwa watu wazima hapa Kenya 2007 na 2008 mnakumbuka neno madoadoa, walivyoitwa watu wa makabila mengine, mnakumbuka lilianza kama neno tu la mkutanoni. Mimi nikiskia remigration naskia madoadoa, sina njia nyingine ya kuwaeleza.

Sasa skizeni venye ilienda. Novemba 2024 serikali ya chansela Olaf Scholz ilivunjika, akabaki bila wabunge wa kutosha. Friedrich Merz wa CDU, ndiye alikuwa kiongozi wa upinzani, akasimama bungeni akasema yeye hataleta kitu chochote ambacho kinaweza kupita kwa kura za AfD, tukubaliane kwanza na vyama vya serikali, SPD ya Scholz na Greens, ndio tupeleke. Aliahidi mbele ya nchi nzima. Halafu Januari 22, 2025, mjini Aschaffenburg, mwanamume kutoka Afghanistan akashambulia watoto wa chekechea kwa kisu bustanini, mtoto wa miaka 2 akafa na mwanamume mmoja aliyejaribu kuwakinga naye akafa. Nchi ililia, hata mimi nililia kazini. Merz akasema basi, naleta hoja zangu za uhamiaji, mwenye kuunga aunge, sitaangalia kushoto wala kulia.

Tarehe 29 Januari, bunge lilikuwa limekaa kukumbuka Auschwitz, ile kambi Wanazi waliulia Wayahudi, miaka 80 tangu ikombolewe, mzee Roman Schwarzman kutoka Odesa, Ukraine, aliyeponea mauaji ya Wayahudi, akawahutubia. Siku hiyo hiyo jamani. Jioni wakapiga kura, 348 ndio, 345 la, 10 wakajizuia. Kura tatu. Bila AfD hoja ingeanguka mapema sana. Na kinachoniumiza zaidi, ile hoja yenyewe ilikuwa na sehemu inasema AfD wanatumia hofu za watu kuchochea chuki kwa wageni, yaani wametukanwa ndani ya karatasi, na wakaipigia kura hivo hivo, kisha wakakumbatiana na kupiga picha. Mtu akikubali kutusiwa ndio aingie kwako, jiulize huko ndani anatafuta nini. Haikuwa sheria, ilikuwa hoja ya kuisukuma serikali tu, lakini wao hawakuwa wanatafuta sheria siku hiyo, walikuwa wanatafuta kuhesabika.

Sababu anayotoa Merz ni kwamba jambo sahihi haligeuki kuwa baya kwa sababu watu wabaya wameliunga. Siidharau, nimekaa nayo sana, kwa sababu mtoto aliuawa na serikali lazima ifanye kitu. Lakini bungeni kura si maoni, kura ni nguvu, na mpaka siku hiyo kura za AfD kwa bunge la taifa hazikuwa zimewahi kumpatia mtu ushindi, mpiga kura wao alijua anapiga kelele nje ya mlango. Sasa anajua mlango una kitasa. Hata Angela Merkel, aliyekuwa chansela, wa chama hicho hicho cha Merz, alitoa taarifa kesho yake akasema ni makosa. Na huyo mama hakuanza jana, Februari 2020 jimbo la Thuringia, mtu wa chama kidogo cha FDP anaitwa Thomas Kemmerich alichaguliwa waziri mkuu wa jimbo kwa kura za AfD na CDU pamoja, mbunge mmoja wa Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto, akaenda mbele yake na shada la maua akalitupa miguuni pake, na Merkel alikuwa ziarani Pretoria, akasema kutoka huko huko kwamba haisameheki na lazima ibatilishwe. Siku moja tu baada ya kuchaguliwa Kemmerich akatangaza anajiuzulu. Hivyo ndivyo ukuta ulikuwa mgumu.

Hapa kwetu tumezoea handisheki. Machi 9, 2018 Uhuru na Raila walisimama ngazi za Harambee House tukaona mikono kwa macho yetu, ukubali ama ukatae lakini uliona. Ya Berlin haikuwa na mkono wala mkataba, na hiyo ndiyo hatari yake, kila mtu anaweza kusema mimi sikushirikiana na mtu.

Kazini kwangu, ni nyumba ya wazee, asubuhi baada ya ile kura tumekaa chumba cha chai kimya. Mwenzangu mmoja ambaye tumegawana mkate miaka mitatu akaniambia, usijali, si wewe wanasema, wewe unafanya kazi. Alisema kwa upendo, najua. Lakini mimi ni mtoto wa mama aliyeambiwa na jirani Desemba 2007 si nyinyi tunasema, na Januari tulilala kanisani.

Ijumaa ile, Januari 31, mswada wenyewe ukaletwa, huo sasa ungekuwa sheria, ukaanguka, 338 kwa 349, na wabunge 12 wa upande wa Merz hawakupiga kura. Jumapili Berlin watu wakajaa barabarani, polisi wakahesabu 160,000. Uchaguzi wa Februari 23 Merz akashinda na asilimia 28.5, AfD wakapata 20.8, mara mbili ya 2021, wakapata viti 152 kati ya 630 na wao ndio chama kikubwa zaidi cha upinzani. Merz aliunda serikali na SPD, si na AfD, hilo niliseme wazi nisimwonee. Lakini Mei polisi wa mpakani wakaanza kurudisha hadi wanaoomba hifadhi, kitu kile kile kilichoombwa kwenye hoja ya Januari 29, na Juni 2 mahakama ya Berlin ikasema kurudishwa kwa Wasomali watatu pale Frankfurt an der Oder kulikuwa kinyume cha sheria. Watu wa Eastleigh, hao ni watu wenu.

Binamu yangu amepata nafasi ya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, mjini Erfurt, huko huko Thuringia. Sijamwambia asiende. Ule mkataba wa kazi wa Septemba 13, 2024 kati ya Kenya na Ujerumani upo, wagonjwa wapo, na mimi mwenyewe nimejenga ukuta wa hii ploti kwa pesa ya huko. Nimemwambia ajue anakoenda. Serikali ya CDU na washirika wake iliyoundwa huko Desemba 2024 ilianza na viti 44 kati ya 88, nusu kamili, bila hata kimoja cha ziada, na AfD peke yao walipata 32. Kila kitu wakitaka kupitisha lazima watafute kura mahali, ama kwa Die Linke ama kwa hao wengine.

Na kura zinaonekana. Bundestag wakipiga kura ya majina kila mbunge anatumbukiza kadi yake, buluu ndio, nyekundu la, nyeupe kujizuia, na orodha inawekwa kwa tovuti yao, venye nyinyi mlishika majina ya wale 195 wa Mswada wa Fedha Juni 25, 2024. Jana usiku tumekaa na binamu kwa simu yake mpaka saa sita tukisoma ya Januari 29, jina moja moja, yeye ndiye alikuwa anasoma kwa sauti ndio afanye matamshi, na akifika kwa mbunge wa Erfurt anasimama ananiuliza, huyu alitoa kadi gani?